Aliyeshika Mpira wa Maji

Kuna watu wana kinyaa, halafu kuna Mama Kapeti. Huyu mama hali kwa mtu kabla hajaona sufuria zinaoshewa wapi. Kijiko chake hutembea naye kwenye mkoba, kimeviringishwa kitambaa cheupe, na ole wake atakayekiazima. Mkono hakupi mpaka aukague wa kwako kwanza, kucha kwa kucha. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyejichagulia kazi ya kufumua makapeti ya magari yaliyoingia maji. Ukimuuliza kwa nini, anakusonya. "Nani mwingine atayasafisha? Wewe?" Basi unanyamaza, maana kwa kweli usingeweza.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Gari likianza kunuka, vioo vikitoka jasho kwa ndani asubuhi, ukikanyaga chini ukasikia chwa, chwa, ujue maji yameingia na yamehamia. Mama Kapeti anafungua viti, anang'oa kapeti, anatoa na lile blanketi zito linalolala chini yake, ambalo ndilo hunywa maji yote likayatunza. Huko chini amekutana na mambo. Ukungu wa kijani wenye manyoya. Panya aliyelainika. Biskuti zilizogeuka uji. Safari moja aliokota meno ya bandia, seti ya juu, na mwenye gari akayapokea kwa furaha akayatia mfukoni hivi hivi, hata kuyafuta hakuyafuta. Siku hiyo Mama Kapeti hakula mpaka kesho yake.

Aliyemleta kwenye uwanja wa mafundi ni kaka yake wa tumbo moja, mkubwa wake, ambaye uwanja mzima unamwita Bingwa. Bingwa ni fundi vioo. Kioo chako cha mbele kikipasuka unampelekea yeye, unaagiza chai pale kibandani, na kikombe hakijapoa gari lina kioo kipya kinachong'aa mpaka unajiona meno. Watu walimpenda kwa huo wepesi wake na kwa mdomo wake mtamu. Mama Kapeti enzi hizo alikuwa anashona makochi nyumbani, kazi ya kubangaiza tu. Siku kaka yake alipomshika mkono akamwingiza pale, mafundi walivunjika mbavu. Fundi rangi akauliza kama amekuja kuwapikia. Bingwa akasimama katikati ya uwanja akasema, huyu ni mdogo wangu, mwenye la kusema aniambie mimi. Wakaufyata. Maneno yale dada mtu hakuyasahau, na kwa ajili yake akamwekea kaka heshima ambayo hata marehemu baba yao hakuipata.

Kutafuta mahali maji yanapoingilia ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani, milango na vioo vimefungwa, kapeti limeshatolewa, bati la chini liko uchi limetandikwa magazeti, na kingo zote zimenyunyiziwa poda ya mtoto ili tone likipita liache njia yake. Huyo ana tochi. Wa pili yuko nje na mpira wa maji, anaanza chini polepole, anapanda. Wa ndani akiwa hajaona kitu anapiga kelele, "Bado!" Akiona tone, "Yanaingia! Tulia hapo hapo!" Siku zote wa ndani alikuwa Mama Kapeti, kwa sababu ya pua yake na macho yake, na mwenye mpira alikuwa Bingwa. Ndivyo walivyoanza na ndivyo walivyozoea, wala haikumjia mtu akilini kwamba wanaweza kubadilishana.

Sasa tuje kwa Mkunga. Mkunga ni mama wa makamo, mnene, ana haraka siku zote, na ana kagari keupe kadogo anakotumia kuwachukua wajawazito majumbani, kuwapeleka kliniki na kuwarudisha na vichanga vyao. Kioo chake cha mbele kilipasuliwa na jiwe wakati wa kiangazi, Bingwa akakibadilisha. Mvua zilipoanza, gari likaanza kunuka. Akalileta. Likatengenezwa raba za milango. Likanuka tena. Akalileta, likazibuliwa bomba la kiyoyozi, kapeti likafuliwa likaanikwa juani mpaka likakauka kau. Mvua ikanyesha, uvundo ukarudi na wenzake.

Jumamosi hiyo asubuhi aliingia uwanjani vioo vyote vimeshushwa, amejifunga kitambaa puani.

"Mama Kapeti, juzi mama mmoja amenitapikia kiti cha nyuma," alisema kabla hajazima hata injini. "Tena si kwa uchungu. Kwa harufu."

"Pole, Mkunga."

"Pole zako nimeshiba. Daktari wa kliniki ameniambia hataki kuona tena mama wala mtoto akipanda humu mpaka liwe kavu. Leo ndiyo mwisho wangu. Likirudi hivi hivi Jumatatu, anampa kazi mtu mwingine mwenye gari lake. Mimi bila gari ni nani? Nitakwenda kuzalisha kwa mguu?"

Mama Kapeti akafungua mlango. Khaa! Ile harufu ilimpiga usoni ikamrudisha hatua moja nyuma. Chozi likamtoka. Ilikuwa harufu ya dekio lililosahauliwa kwenye ndoo, imechanganyika na maziwa yaliyokufa na kitu kingine ambacho hakutaka kukijua. Akavaa glavu zake, akavuta kapeti. Lilikuja na mlio wa kunyonya. Chini yake maji meusi yalikuwa yametulia kama yamepangishwa, juu yana utando unaong'aa, na ndani yake vijidudu vyembamba vinajinyonga. Mwezi haujaisha tangu alitandike kapeti hilo kwa mikono yake mwenyewe, likinukia sabuni. Alihisi ametukanwa.

"Huu ni ushenzi," alisema. "Ushenzi mtupu."

Bingwa akaja amejaa bashasha, mikono imefunguliwa kama anampokea mgeni wa harusi. "Mkunga wetu! Mama wa wote! Usiwe na wasiwasi hata kidogo, hizo ni raba za mlango."

"Raba tulibadilisha, kaka," dada yake akasema.

"Basi hizo mpya ni feki. Siku hizi hata feki zenyewe ni feki." Akacheka. Mkunga hakucheka.

Wakaanza kama kawaida. Mama Kapeti ndani, amechuchumaa juu ya bati, pumzi ameibana, tochi mkononi. Bingwa nje. Maji yakapita kwenye magurudumu. "Bado!" Yakapita mlangoni, yakakaa hapo, yakakaa sana, na hatimaye kweli, kwenye kona ya chini ya mlango wa kushoto likachungulia tone. Moja. Jembamba, kama chozi la mtu anayejilazimisha kulia msibani.

"Yanaingia," akasema bila furaha.

"Si nilisema!" Bingwa akafunga mpira. "Mkunga, nenda ukanywe chai, hiyo kazi imekwisha."

Mama Kapeti hakutoka. Alilitazama lile tone, akayatazama yale maji meusi aliyokwisha kuyachota, karibu yajaze ndoo. Hesabu haikuingia akilini. Kwa tone hili ndoo ingejaa wajukuu wakiwa wameota mvi. Akataka kumwambia kaka ajaribu juu, lakini dereva wa lori alikuwa akimwita Bingwa kutoka upande wa pili wa uwanja, naye alishaondoka mbio, mpira ameubwaga chini.

Mkunga hakwenda kunywa chai. Uvumilivu ulikuwa umemwishia. Aliuokota mpira, akafungulia bomba, akasema, "Hebu na mimi nijaribu. Kwani ni sayansi gani hii? Bustani yangu namwagilia mwenyewe." Na kwa kuwa hajui taratibu za mafundi, hakuanza chini wala nini. Akauelekeza juu ya paa katikati, akauacha hapo, maji yakajimwaga yote kwenye kioo cha mbele kama mtu anayeosha gari lake nyumbani.

Ndani, Mama Kapeti alisikia kwanza. Tk, tk, tk, nyuma ya dashibodi. Halafu ikawa si tk tena. Maji yalishuka kwa mfululizo, yakapita juu ya nyaya, yakamwagika kwenye magazeti, yakamwingia kwenye viatu. Alitaka kupiga kelele zile za siku zote akajikuta ameachama tu. Kwenye kumbukumbu yake alikuwa anautafuta wakati mmoja, mmoja tu, ambao Bingwa alituliza mpira juu ya kioo alichokibandika mwenyewe. Hakuupata. Siku zote mkono wa kaka ulifika hapo ukapita upesi, kama mtu anayeliruka dimbwi. Kioo hicho ni changu, alikuwa akisema, hapo usihangaike.

Akatoka. Akachukua bisibisi, akabandua ule ukanda mweusi unaofunika ukingo wa kioo kwa juu. Chini yake fremu ya bati ilikuwa imeliwa na kutu, imetoboka matundu ya kuingia kidole. Fundi mwenye haya akikuta hali hiyo anakata bati lililooza, anachomelea jipya, anapaka rangi, anangoja ikauke, ndipo anatia gundi. Hiyo ni kazi ya siku mbili, si ya kikombe cha chai. Humu matundu yalikuwa yamesokomezwa kitu laini, juu yake gundi imepakwa vizuri, imelainishwa, inameremeta. Akaingiza kidole akavuta.

Kilitoka kirefu, cheusi, kinateleza, kinavuja usaha wa kijivu. Funza wawili wakadondoka kwenye kiganja chake. Ilikuwa sifongo. Tena aliijua. Ilikuwa vipande vya viti vya magari anavyovijaza upya, ile sifongo ya njano anayoikata kila siku na mabaki yake anayatupia kwenye gunia nyuma ya kibanda, gunia ambalo Bingwa huchota humo akisema anataka vya kufutia mikono. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakunywa mvua yote na kuitema ndani kidogo kidogo, jua likiwaka. Mama Kapeti akakimbilia ukutani akatapika mpaka tumbo likabaki tupu.

Aliponyanyua kichwa Bingwa alikuwa amerudi. Aliiona sifongo juu ya boneti. Tabasamu lilikaa pale pale usoni, ila halikuwa na mwenyewe.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mambo haya tutaongea nyumbani."

"Nyumbani?"

"Mbele ya mteja unanivua nguo? Mimi kaka yako? Mimi niliyekuleta hapa?"

Hapo ndipo kinyaa kilipompanda kweli, kikapita kile cha funza. Miaka yote hii amechuchumaa kwa ajili ya kaka yake ndani ya magari yanayonuka, amevuta ukungu mapafuni, akitoka anawatazama watu machoni na kuwaambia ni mlango, ni raba, ni bomba. Nao wakamwamini kwa sababu ni Mama Kapeti, mwanamke asiyevumilia uchafu. Amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akanyoosha shingo apakwe vizuri.

"Ingia ndani," alimwambia.

"Nini?"

"Ingia ndani ya gari, kaka. Leo nashika mpira mimi."

Fundi rangi alikuwa ameshaacha brashi yake, na dereva wa lori amesogea. Bingwa akawaangalia, akaona hakuna pa kupitia, akaingia akachuchumaa juu ya bati. Mkunga akamfungia mlango kwa nguvu. Mama Kapeti akaweka mpira juu ya kioo, akautuliza.

"Kuna kitu?" akauliza.

"Bado!" Bingwa akajibu kutoka ndani.

Wote walikuwa wanamwona. Maji yalikuwa yanamdondokea kisogoni, yanashuka shingoni, yanaingia kwenye kola. Alijifuta kwa kiwiko kama anayejifuta jasho.

"Kaka, kuna kitu?"

"Bado, dada. Pakavu kabisa."

Fundi rangi akaguna. Mkunga akaweka mkono mdomoni. Mama Kapeti hakufunga maji, akaendelea kumtazama mtu aliyemlea akilowa na kusema uongo, akilowa na kusema uongo, mpaka shati likamganda mgongoni na maji yakamtoka kwenye ncha ya pua. Aibu ilimshika yeye, si kaka. Alitamani ardhi ipasuke. Mwishowe Bingwa akafungua mlango mwenyewe, akatoka, akasimama anachuruzika.

"Kioo kitoke," dada yake akasema. "Sasa hivi. Lete waya wako ukikate."

Kioo kilichobandikwa sawasawa hakitoki kwa kubembelezwa. Unapitisha waya kwenye gundi, mtu huku na mtu kule, mnavuta mpaka mikono inawaka. Bingwa alileta waya. Mama Kapeti akatia vidole chini ya ukingo wa juu ili kumtafutia nafasi ya kuupitisha, akanyanyua kidogo tu. Kioo kikanyanyuka. Chote. Gundi ilikuwa imeshika kutu, na kutu haikuwa imeshika kitu. Walikiinua wawili kwa mikono mitupu kama wanafunua sufuria, wakakiegemeza ukutani, na ule utelezi mweusi ukawajaa viganjani.

Mkunga alikuwa ametulia ghafla, yeye ambaye hatulii. Alikuwa anatazama lile tundu lililobaki.

"Juzi nimerudisha mama na kichanga," alisema. "Kiti hiki hapa cha mbele. Mtoto yuko kifuani. Na kwenye mteremko nilifunga breki kwa nguvu, mbele yetu hakuna kilichoshikilia kioo."

Bingwa akakaa juu ya gurudumu bovu, maji yanamtoka kwenye suruali.

"Jumatatu utakuwa na gari, Mkunga," Mama Kapeti alisema. "Bati linakatwa leo, fundi wa kuchomelea namwita mwenyewe, na kioo hakibandiki huyu. Mwambie daktari maneno hayo, na kama anataka aje anisikie mimi." Halafu akamgeukia kaka yake. "Mengine yako wapi?"

"Mengine yapi?"

"Usinizungushe. Magari yote uliyokuta yameoza ukayasokomeza uchafu. Unanitajia moja moja na tunawapigia simu hapa hapa, mimi nikisikia."

"Si mengi kihivyo."

"Anza!"

Bingwa akakohoa. Akatazama viatu vyake. "Shemeji," alisema.

Hakumwelewa mara moja. Shemeji wa Bingwa ni mmoja tu duniani, naye ni mume wa Mama Kapeti. Kioo cha gari lao Bingwa alikibadilisha bure kabisa, zawadi ya kaka kwa dada, nao wakamshukuru mpaka yeye akakinai.

"Fremu ilikuwa imekwisha," Bingwa akasema haraka haraka. "Ningekaa nalo wiki nzima, na wewe ulikuwa unanihimiza, watoto, watoto. Nikasema nitalirudia. Wallahi nilisema nitalirudia."

Mwezi mzima Mama Kapeti alikuwa akimgombeza mumewe kwa harufu ya gari lile. Kwamba anawaacha watoto wanamwaga maziwa na yeye anatoa macho tu. Kwamba ameoa mwanamke msafi na bado hajifunzi. Alimwoshesha viti huku amemsimamia mikono kiunoni, akimwonyesha hapa hukusugua, na hapa, na yule baba wa watu akasugua, hakufungua mdomo. Na leo, kwa kuwa ni Jumamosi, alikuwa ametoka na watoto kuwapeleka kwa bibi yao, njia ndefu, barabara ya malori.

Akachomoa simu. Viganja vyake vilikuwa vimejaa ule weusi wenye utelezi, simu ikachafuka, shavu likachafuka, wala hakukumbuka kunawa. Ikaita. Ikaita. Ikaita.

"Eh, mama watoto," mumewe akapokea, upepo unavuma, watoto nyuma wanagombania dirisha. "Vipi tena?"

"Simamisha gari."

"Nini?"

"Simamisha gari kando. Sasa hivi. Teremsha watoto."

"Aa, mke wangu! Kama ni ile harufu tena, leo maziwa nimeyaacha nyumbani. Naapa. Nimewakataza hata maji."

Bingwa akanyoosha mkono aombe simu, azungumze yeye na shemeji yake. Mama Kapeti hakumpa. Akampa mgongo.

"Simama tu, baba," alisema. "Si maziwa."